Mkwe Asishuke Kitandani

Jumanne, 8 Februari

Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Tangu maharage yavunwe hujafungua daftari hili. Panya wamekula pembe moja, kalamu imekauka, na wewe ulikuwa unapita karibu na sanduku kila siku ukijidai una kazi. Shule hukuikanyaga. Herufi ulizipata darasa la ngumbaru, ukiwa na mtoto mgongoni, ukatoka jasho kwa herufi moja tu. Leo umeziacha kama jembe bovu. Kaa chini. Andika. Hakuna wa kukuandikia.

Haya. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Asubuhi nimemfuta mwili, nimebadili shuka, nimemwaga bakuli, nimegombana na mfagizi. Kama jana.

Mgonjwa ni Leokadia, mke wa Deusi, kitindamimba wangu. Homa ya matumbo ilimtoboa utumbo. Walimpasua, wakaushona. Tumbo bado limelala, hapewi kitu mdomoni, anaishi kwa dripu. Nyumbani Izia ameacha mtoto wa kunyonya. Mdogo wake Leokadia anamlisha maziwa tunayochukua kwa Wasukuma. Mtoto anakunywa, analia, anatafuta ziwa la mama yake. Nami sina la kumpa.

Shida ya leo ni mishipa. Mikono yote miwili imetobolewa mpaka imevimba kama mihogo. Dripu inaingia kidogo, halafu inamwagikia chini ya ngozi. Nesi Tumaini katafuta mikononi, katafuta miguuni, kakaa chini kafuta jasho. Daktari kasema kesho ataweka mrija kwenye mshipa mkubwa chini ya mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, uende mpaka karibu na moyo. Nikamuuliza, karibu vipi? Akasema, mlangoni.

Sikulipenda jibu hilo. Lakini bila mrija maji hayaingii, dawa haiingii, na mtu anakauka mbele yetu. Hilo nimelielewa bila kuchorewa ubaoni.

Jumatano, 9 Februari

Wameweka.

Glavu tumenunua wenyewe duka la dawa la mtaani. Siku hizi kila kitu ruksa, hata hospitali kukosa glavu ni ruksa. Deusi kazileta mbio, kasimama mlangoni, kamtazama mkewe, kapanda lori kurudi mpakani Kasesya kufuata sabuni na mafuta ya Zambia. Mwanamume akiogopa hukumbuka biashara.

Mimi nilitolewa nje. Nikachungulia. Kitanda kimewekewa matofali upande wa miguu, kichwa kimeinama, kama mtungi unaomwagwa. Daktari kachoma, katoa. Kachoma tena, katoa. Nilitaka niingie nimnyang'anye sindano. Safari ya tatu damu ikaja vizuri, naye akashusha mabega. Kumbe naye alikuwa anaogopa.

Mrija ni mwembamba, umeshonwa kwenye ngozi kwa uzi, umefunikwa plasta. Tumaini kanipa masharti. Hakuna kugusa bila kunawa. Hakuna kuvuta. Na pale mrija wa dripu unapoungana na ule wa mwilini pasiachane, maana mshipa ule unavuta hewa kama kinywa, na hewa ikifika moyoni mtu anaweza kwenda.

Nikamwambia nimezaa, nimeuguza, nimezika, najua kunawa. Akanishika mkono akanipeleka bombani hivyo hivyo. Sabuni mpaka viwikoni. Nampenda msichana huyu. Ametoka Mbeya, kichwa kigumu kama changu.

Alhamisi, 10 Februari

Vibaya.

Leokadia kaamka anahema kama aliyepanda kutoka bonde la Rukwa na kuni kichwani. Midomo imekuwa ya kijivu. Daktari kagonga kifua kwa vidole. Upande mmoja unalia kama debe tupu. Wakampeleka eksirei na kitanda chake, gurudumu moja halizunguki, tukasukuma mimi na Tumaini na mama wa kitanda cha jirani.

Sindano ya jana iligusa pafu. Hewa imevuja, imejaa kifuani, pafu limenywea. Daktari kasema mwenyewe, hakuzunguka.

"Bibi, ni mkono wangu. Hutokea."

Nikamwambia ng'ombe kuingia shamba la mtu nako hutokea, lakini mwenye ng'ombe huja kuwatoa.

"Ndiyo nimekuja kuwatoa," akasema.

Katoboa ubavuni, kaingiza mrija mwingine, mnene, mwisho wake umo ndani ya chupa ya maji sakafuni. Hewa ikatoka. Maji yakatokota bila moto. Leokadia akashika kanga yangu, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira. Aliyeharibu ndiye huyo huyo wa kutengeneza, na sina mwingine wa kumwita.

Alasiri midomo imerudi rangi yake. Namtazama daktari vibaya bado. Lakini uji wangu nimempa kikombe. Hajala tangu asubuhi.

Ijumaa, 11 Februari

Chupa, chupa, chupa. Isipande juu ya kifua. Isipinduke. Mrija wake usikunjwe.

Mfagizi kainyanyua kaiweka kitandani ili apitishe ufagio. Nimepiga kelele wodi nzima ikakaa kitako. Tumaini kaja mbio kaishusha. Maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye mrija kuelekea kwa mtu. Mfagizi kanuna. Anune.

Jumapili, 13 Februari

Kalamu inakwama. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya misa wageni walijaa. Kasiano naye kaja, kateremka na lori la mahindi kutoka kijijini. Kasiano ni mdogo wa marehemu mume wangu. Sasa ndiye mkubwa wa ukoo, na kofia anayo ya kuonyesha.

Mimi nilikuwa bombani naosha kikombe. Kikombe. Mtu anauguza wiki nzima bila kubanduka, halafu jambo linangoja aoshe kikombe.

Kwetu mke hasalimii wakubwa wa mumewe akiwa juu. Anashuka, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, macho chini, mpaka mkubwa aitikie. Leokadia amelelewa hivyo tangu hajaota meno. Mkwe mwenye adabu nilimtaka mwenyewe, nikampata.

Kasiano kasimama miguuni pa kitanda, kakohoa. Basi. Kukohoa tu. Na yule mtoto, tumbo limeshonwa, ubavuni mrija, mtulingani mrija, kashuka. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyeona. Kashuka upande wa pili, mbali na dripu, kachuchumaa, mrija ukajinyoosha, ukaachana kwenye kiungo. Kapiga makofi mara mbili. La tatu halikutoka.

Nilisikia bakuli limeanguka. Nilipofika alikuwa sakafuni, macho wazi, hanioni. Damu kifuani. Rangi ya majivu. Kasiano anasema, "Ameteleza, ameteleza."

Tumaini aliubana mrija kwa vidole kabla hajafika vizuri chini. Akapiga kelele aletewe kibano. Wakambeba, wakamlaza ubavu wa kushoto, kichwa chini, miguu juu, yale matofali tena. Oksijeni. Daktari alikuja na ndala moja. Akasema hewa imeingia, alale hivyo hivyo, kushoto, asigeuzwe, ibaki upande isikoweza kupita. Nikamuuliza, ikibaki inafanya nini? Akasema inayeyuka taratibu, kama tukibahatika.

Kama tukibahatika. Nilishika mguu wa Leokadia. Sehemu nyingine zote zilikuwa na mikono ya watu.

Akatuona jua lilipoanza kuinama. Neno lake la kwanza: "Baba mdogo aliitikia?"

Jumatatu, 14 Februari

Yu hai. Amelala kushoto. Anaumwa kichwa.

Kasiano kalala kwa jamaa zake mjini, asubuhi kaja kunieleza kwamba hakumwambia mtu ashuke. Kweli. Hakusema. Mbuzi naye hasemi, anasukuma.

Nimemwambia asikanyage wodini. Kajibu kwamba mke wa ukoo hajapata kusalimia tangu augue, na watu wanasema. Watu gani? Watu ni yeye na kofia yake.

Jumanne, 15 Februari

Jambo jema moja. Pafu limejaa tena, eksirei imeonyesha. Mrija wa ubavuni umetolewa, chupa imeondoka. Nimeitazama ikipelekwa kama mgeni mbaya anayeaga.

Jambo baya moja. Tatizo la kushuka liko palepale. Leo katekista alipita kuombea wagonjwa, mzee wa watu, na nimeuona mguu wa Leokadia unatafuta sakafu. Akili yake inajua. Mguu haujui. Nimemkemea, kasema, "Mama, sikuhisi."

Nilimwambia Tumaini tumlaze kwenye godoro sakafuni. Mtu aliye chini hana pa kushuka.

"Na hiyo dripu iteremke vipi, Bibi? Na madaktari wamtibu kwa kulala kifudifudi?"

Nikasema basi nimfunge kitandani kwa kanga. Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Jioni anatetemeka.

Jumatano, 16 Februari

Homa. Shuka zimelowa, nimebadili mpaka zimekwisha, nikatandika kitenge changu. Daktari kafunua plasta. Pale mrija unapoingia pamekuwa pekundu, na ukibonyeza panatoka usaha kidogo. Kasema mrija umeingia uchafu, labda ile siku ya sakafuni, na sasa unamwaga uchafu ule moja kwa moja kwenye damu. Utoke.

Utoke, lakini dawa ipite wapi? Kitu kile kile kinachomlisha ndicho kinachomchoma. Nilitaka kumpiga mtu, nikakosa wa kumpiga.

Tumaini katafuta mshipa siku nzima. Kamkanda mikono kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakuna. Daktari kasema akipata hata mmoja mdogo, mrija unatoka saa hiyo hiyo. Asipopata mpaka kesho itabidi amtoboe shingoni, upande wa pili. Nimekumbuka debe tupu. Nimekwenda uani nikasimama nyuma ya jiko la wauguzaji mpaka nikaweza kurudi.

Deusi karudi kutoka Kasesya. Kaleta spiriti, pamba na glavu, kaleta na ujumbe. Kesho Kasiano anakuja na wazee wawili wa ukoo, rasmi, kumjulia hali mke wao. Nikamwambia akawazuie. Akatazama viatu vyake. Mwanangu huyu anapita mpaka na shehena mbele ya askari wa forodha bila kupepesa, lakini baba yake mdogo akikohoa anakuwa na miaka minne.

Sawa. Niachieni mimi.

Alhamisi, 17 Februari

Walikuja asubuhi, makoti yamepigwa pasi, fimbo mkononi. Tumaini alikuwa ameupata mshipa. Mmoja, nyuma ya kiganja, mwembamba kama uzi wa kushonea, na sindano ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Leokadia akasikia viatu vya Kasiano kwenye sementi. Mwili wote ukashtuka. Tumaini akasema, tulia, tulia dada, nitaupoteza.

Nikatoka mlangoni. Kasiano alikuwa ameshajaza kifua pumzi.

Nikapiga magoti.

Niandike vizuri hapa. Mimi ni mke wa kaka yake. Nilipoolewa kwao alikuwa hajui kujifunga kaptula, kalishwa na mkono huu, kafutwa kamasi na kanga yangu. Yeye ndiye wa kuniinamia mimi. Magoti yangu yana maji, hata kanisani wamenisamehe, nakaa. Nikayaweka kwenye sementi. Nikainamisha macho, nikapiga makofi, polepole, kama bi harusi. Korido nzima ikageuka.

"Shemeji, inuka," kasema.

"Sijamaliza."

"Shemeji, watu wanatazama."

"Watazame. Mke wenu wa ukoo ana mrija mlangoni pa moyo. Hawezi kushuka. Nimeshuka mimi. Itikia."

Hakuitikia. Nikapiga makofi tena. Mzee wa pili kasema taratibu, "Kasiano, itikia mwanamke asije akafia hapa." Akaitikia. Sauti ilitoka ndogo. Nikamgeukia wa pili, nikamsalimia. Nikamgeukia wa tatu, nikamsalimia. Kazi ikifanywa nusu huwa haijafanywa.

Halafu sikuweza kuinuka.

Nasema ukweli. Magoti yaligoma. Nilikuwa nimejiandaa niondoke na fahari yangu yote, nikabaki pale kama kinu. Wazee watatu waliweka fimbo ukutani wakaninyanyua, mmoja huku, mmoja huku, Kasiano kiunoni. Anahema karibu na sikio langu. "Una uzito, shemeji." Nikamwambia ni uji ule niliokuwa nakunywa nikikulea, wewe ukipata mabaki.

Hawakuingia. Walimwona dirishani, wakavua kofia, wakaondoka.

Niliporudi ndani mshipa ulikuwa umeshika. Tumaini ana plasta mdomoni, hanitazami, mabega yanatikisika. Leokadia kasema, "Mama, magoti yako." Nikamwambia anyamaze.

Baadaye mrija ukatoka. Walimlaza chali, kichwa chini kidogo. Daktari kamwambia avute pumzi, aizuie, asiitoe mpaka aambiwe. Nikazuia na yangu. Deusi naye, nimemwona. Daktari akauvuta polepole, akabana pamba pale pale, akabana kwa muda mrefu, mimi nikaanza kuona nyota. "Toa pumzi," kasema. Tukatoa wote.

Kitu chenyewe ni kidogo mno. Kinaweza kulala kwenye kiganja.

Jumamosi, 19 Februari

Homa imeshuka. Tumbo limeunguruma wakati wa sala ya asubuhi, wagonjwa wote wamesikia, wamecheka. Daktari kasema sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja. Uji mwepesi wa ulezi, vijiko vichache. Vimekaa.

Nimemwambia daktari kwamba mkono wake ni mzito lakini hakimbii. Kaniuliza kama hiyo ni shukrani. Nikamwambia akae nayo hivyo hivyo, sina nyingine.

Jumatatu, 21 Februari

Mtoto kaletwa. Kamtazama mama yake kama mtu anayekumbuka njia. Halafu kashika ziwa. Maziwa hakuna, lakini kashika.

Jumapili, 13 Machi

Nyumbani Izia. Mvua imenyesha ikaacha. Leokadia amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, amekonda, shingo kama ya korongo, kovu dogo chini ya mtulinga. Maziwa yamerudi kidogo. Mtoto ananyonya, halafu anamaliziwa na ya Wasukuma. Hana ubaguzi.

Adhuhuri kaja Kasiano. Nilimsikia tangu njiani kwa viatu. Leokadia alimsikia pia, na mguu ukaanza kutafuta chini.

Safari hii hakukohoa. Alipiga hodi kama watu. Akaingia uani, akamtazama Leokadia kwenye kigoda, akatazama mkeka wangu niliokuwa naanikia ulezi. Akasogeza ulezi kwa mkono, akavua kofia, akaketi chini. Chini kabisa, miguu mbele kama mtoto anayengoja ugali. Akasema amechoka na njia. Lori lilimshusha barabarani, si mbali.

Sasa kigoda kilikuwa juu na mkubwa alikuwa chini. Leokadia alinitazama. Nikaendelea na ulezi wangu. Akabaki pale pale alipo, mtoto kifuani, akapiga makofi polepole, macho chini. Kasiano akaitikia vizuri, mpaka mwisho, akauliza habari za mtoto.

Nikamletea maji ya kunawa na ugali na samaki, migebuka ya Kipili. Alikula akiwa chini. Kuinuka kulimsumbua. Nikamwachia ajinyanyue mwenyewe, kisha nikampa mkono.

Wameshalala wote, mama na mwana. Jua bado lipo.

Na wewe, usikae tena mpaka panya wale pembe ya pili. Ukirudi kufungua daftari hili usianze na magonjwa. Anza na jino la mtoto, litakuwa limetoka. Na unawe mikono kwanza, mpaka viwikoni.